Simbilisi, vizimba na lmer: modeli ya vipimo vya kurudia-rudia vile tunaifanyaka Bukavu

Mwanafunzi akikuja kwangu na data ya wanyama waliopimwa mara kwa mara, simuombake faili kwanza. Namuomba daftari, ile yenyewe aliyokuwa anaandikia ndani ya banda, yenye majani makavu na alama za maji, halafu namuambia anichoree vizimba kwenye karatasi: kizimba gani kilikuwa wapi, ndani mulikuwa wanyama wangapi, nani alipewa chakula gani, nani ni ndugu ya nani. Wengine wanashangaa, wanaona kama ninawapotezea muda juu wao walikuja kwa ajili ya R, ile programu ya takwimu. Lakini kazi hii ya kuwa asistan mu agronomia hapa Bukavu imenifundisha kwamba mstari wa lmer, ile amri ya R ya kufanyia modeli hizi, unatoka bandani. Mtu akijua vizuri nani alikula nini na pamoja na nani, formula inakuja karibu yenyewe, asipojua atakuwa anabahatisha tu mabano hata kama kompyuta yake ni ya nguvu namna gani.

Kwetu huku mara nyingi ni simbilisi, ama kobaye kama wengine wanavyoita. Kivu ya Kusini watu mingi wanawafuga, kanyama kadogo, kanakula majani, hakaombi nafasi kubwa, familia ikishabanwa inauza wawili watatu mtoto anapata daftari za shule, au jioni kuko nyama kwenye sufuria. Ndiyo maana wanafunzi wa memwari, ile kazi ya utafiti ya kumaliza masomo, wanawapenda: huwezi kupata ng'ombe 48 za majaribio, lakini simbilisi 48 unawapata Kabare ama Walungu bila shida. Unawagawa kwa vyakula vitatu, tuseme nyasi za Guatemala, majani ya viazi vitamu na desmodiumu, unawapima kila wiki, na mwisho unataka kujua chakula gani kinawakuza haraka. Ni swali zuri sana na lina faida kwa mama anayefuga jikoni kwake.

Sasa shida inaanzia hapa. Mazungumzo yetu yanakuwaka hivi (p ni ile namba ya takwimu ambayo ikiwa ndogo watu wanasema tofauti haikutokea kwa bahati tu):

"Asistan, niko na data mingi, mistari 432, na p imetoka ndogo sana."

"Wanyama wangapi?"

"48, kila mumoja nimemupima mara 9."

"Vizimba?"

"12. Wanyama 4 mu kila kimoja."

"Na chakula ulikuwa unakiweka wapi?"

"Mu kizimba, Asistan. Wanakula pamoja."

Basi hapo tunasimama. Mistari ni 432 lakini chakula hakikugawiwa mara 432, hata mara 48 hakikugawiwa. Kimegawiwa mara 12 tu, yaani vizimba 4 kwa kila chakula. Wale wanyama 4 wanaoishi pamoja wanashiriki kila kitu: kama kizimba kiko karibu na mlango baridi ya asubuhi inawaingia wote, kama kuko mbabe mmoja anayesukuma wenzake wote watatu wanaumia, kama mwenye kukata majani alikawia kufika upande ule wote wamekula wamechelewa. Uzito wao unafanana kwa sababu ambazo hazihusu chakula. Ukiwahesabia kama mashahidi 48 wanaojitegemea, ama mbaya zaidi 432, programu itakuamini na itakupa p ndogo sana, na utatetea memwari kwa furaha, kumbe ulilinganisha mlango na ukuta. Stuart Hurlbert aliandika juu ya jambo hili mwaka 1984, upande wa ekolojia, akaonyesha namna gani watafiti wanageuza vipimo vya ndani ya kitu kimoja kuwa ushahidi wa vitu vingi. Toka wakati ule mpaka leo jambo hilo halijaisha, na silioni kama ni dogo, juu mfugaji atakayebadilisha majani kufatana na memwari yetu anaweka akiba yake hapo.

Kwa hiyo kizimba lazima kiingie kwenye modeli, na mnyama ndani ya kizimba pia aingie, juu uzito wa wiki ya tano wa mnyama mmoja unafanana sana na uzito wake wa wiki ya nne. Hizo ndizo athari nasibu zetu: vizimba na wanyama. Modeli yenye athari nasibu pamoja na athari za kudumu ndiyo inaitwa modeli mikste. Hatutaki kujua hasa habari ya kizimba namba 7, kesho kitavunjwa tutafanya kuni, tunakichukua kama kimoja kati ya vizimba vingi ambavyo vingeweza kuwepo, na tunaomba modeli ituambie vinatofautiana kiasi gani. Chakula chenyewe kinabaki upande wa athari za kudumu juu vile vitatu ndivyo tulivyouliza. Mtu akiniuliza namna ya kutofautisha namuambia ajiulize: nikirudia jaribio mwaka ujao nitatumia vilevile au vingine? Desmodiumu itakuwa desmodiumu ileile. Vizimba na wanyama watakuwa wengine.

Kabla ya kuandika formula, faili. Hapa ndipo muda mingi unapoteaga na hakuna mtu anayeandikaka habari zake. Kwanza, Excel zetu mingi ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo 312 na nusu inaandikwa 312,5 na faili ya CSV inatenganishwa na nukta-mkato. Ukiisoma na read.csv ya kawaida haitagawanya safu vizuri, na ukilazimisha alama ya kutenganisha peke yake, safu ya uzito inaingia kama maneno, haiingii kama namba. Tumia read.csv2, ilitengenezwa kwa mpangilio huuhuu. Pili, wanafunzi wanaandika wiki S1, S2, S3 kwa upana, kila wiki safu yake, na hiyo ni sawa kwa daftari lakini lmer inataka faili ndefu: mstari mmoja kwa kila kipimo, na safu za kizimba, mnyama, chakula, wiki, uzito. pivot_longer ya paketi ya tidyr inafanya kazi hiyo. Halafu usisahau kuondoa ile herufi S, juu ikibaki R itachukua wiki kama majina, utapata wastani wa kila wiki kipekee badala ya mstari wa ukuaji. Siyo kosa kila mara, kuko wakati unataka hivyo, lakini iwe wewe ndiye umechagua.

Tatu, na hii ni ya hatari kuliko zote juu haitoi ujumbe wowote mwekundu: namba za wanyama. Karibu kila daftari ninayoona inahesabia 1, 2, 3, 4 ndani ya kizimba cha kwanza, halafu inarudia 1, 2, 3, 4 ndani ya kizimba cha pili. Mtu bandani anaelewa. R haielewi. Ukiandika (1 | mnyama) inafikiri kuko wanyama 4 tu duniani, na kwamba namba 1 wa kizimba hiki ndiye namba 1 wa vizimba vyote, amepimwa kila mahali. Modeli inakimbia vizuri kabisa, majibu yanatoka, na yote hayana maana. Ninawaambiaka wape kila mnyama jina lake la pekee, K03-2 kwa mfano, ama waandike (1 | kizimba/mnyama) ambayo R inaisoma kama kizimba, kisha mnyama ndani ya kizimba. Na ukimaliza angalia ndani ya summary, yaani muhtasari wa modeli, kuko mstari unaotaja idadi ya vikundi: ukiona mnyama 4 badala ya 48, simama hapohapo.

Upande wa programu yenyewe, R ni ya bure na kwetu hiyo siyo jambo la kupita juu juu. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, New Zealand, na toleo 1.0.0 lilitoka mwaka 2000. Ukitumia SAS utafanya jambo lilelile na PROC MIXED, Stata iko na amri ya mixed, SPSS nayo iko nayo, anayeijua mojawapo abaki nayo, hesabu ni ileile. Lakini mwanafunzi wa Bukavu anayenunua mega kwa kupimapima atapendelea kitu kinachoweza kuhamishwa na kle ya USB. Ujue tu lme4, paketi yenye lmer ndani yake, haitembei peke yake, inahitaji paketi zingine kama minqa, nloptr na Rcpp, kwa hiyo ukiichukua kwa mtu mwenye intaneti chukua na hizo zote, la sivyo utafika nyumbani itakataa kufunguka. Na kama huna kabisa, paketi ingine ya nlme inakujaka ndani ya R yenyewe toka unapoiinstola, na lme ya ndani yake inatosha kwa kazi mingi ya memwari. Kura, yaani umeme, inaweza kukatika saa yoyote, hivyo ninawaambia waandike kila kitu ndani ya skripti na kusevu, wasiandikie moja kwa moja kwenye konsoli.

Formula yetu ya simbilisi inakuwa hivi:

uzito ~ wiki * chakula + (wiki | kizimba) + (wiki | kizimba:mnyama)

Ile alama ya nyota inamaanisha tunataka kujua kama mwendo wa kukua unatofautiana kwa chakula, na hilo ndilo swali la jaribio, juu wiki ya sifuri, kabla ya kulishwa, wote walitakiwa kuwa sawasawa. Mabano ya mwisho yanasema kila mnyama yuko na mwanzo wake na mwendo wake, na kila kizimba pia. Watu mingi wanaandikaga (1 | mnyama) tu na kuishia hapo, mwanzo tofauti lakini mwendo mmoja kwa wote. Naomba nikae hapa kidogo, juu hapa ndipo pesa iko.

Ndani ya lme4 kuko data ya mfano inayoitwa sleepstudy, iko tayari kwenye mashine yako, haihitaji mega. Ni watu 18 waliokuwa wanalala masaa 3 tu kwa usiku, na kila siku walipimwa wanachukua muda gani kujibu ishara, kwa milisekunde, siku ya 0 mpaka ya 9, jumla vipimo 180. Ninapenda kuwafanyisha wanafunzi modeli tatu juu ya hiyo data, moja nyuma ya ingine, na kuwaambia waangalie namba moja tu: kosa sanifu la mteremko wa siku, yaani kiasi cha mashaka tuliyonayo juu ya mteremko huo.

Ya kwanza ni lm ya kawaida, kama vile vipimo 180 ni vya watu 180. Mteremko ni 10.47, yaani kila siku ya kulala vibaya inaongeza karibu milisekunde 10 na nusu, na kosa sanifu ni 1.24. Ya pili unaweka (1 | Subject), mwanzo tofauti kwa kila mtu. Mteremko ni uleule 10.47, lakini kosa sanifu linashuka mpaka 0.80. Mwanafunzi anafurahi, anasema modeli imeboreka. Ya tatu unaweka (Days | Subject), kila mtu na mwendo wake. Mteremko bado ni 10.47, na kosa sanifu linapanda mpaka 1.55, karibu mara mbili ya lile la pili.

Kwa nini? Kwenye ya kwanza tofauti za watu zimetupwa zote ndani ya mabaki, yaani kile modeli inashindwa kueleza, mabaki yanakuwa makubwa, 47.7. Kwenye ya pili tumezitoa humo, mabaki yanashuka mpaka 31, na mstari unaonekana safi, lakini tumeilazimisha modeli iamini kwamba kila mtu anachoka kwa mwendo mmoja. Ya tatu inakubali ukweli, kuko wanaochoka haraka na kuko ambao karibu hawabadiliki, mchepuko wa mwendo kati ya mtu na mtu ni karibu milisekunde 5.9 kwa siku, na watu wenyewe ni 18 tu. Ukitaka kusema habari ya watu wote kwa kuangalia 18 wanaotofautiana namna hiyo, lazima uwe na mashaka zaidi. Ile 0.80 ilikuwa uhakika wa kukopa. Rudia jambo hilo kwa simbilisi wako: ukiwanyima wanyama na vizimba haki ya kuwa na mwendo wao, tofauti kati ya desmodiumu na Guatemala itaonekana imethibitika wakati haijathibitika. Mimi kwa hiyo ninaanza na mwendo tofauti, kisha ninapunguza kama data inakataa.

Na mara nyingi inakataa. Vizimba 12 si vingi, na programu inatoa ujumbe wa singular fit. Hapo simu zinaanza kulia: "Asistan, modeli imekufa." Haijakufa. Maana yake ni kwamba moja ya variansi, yaani kipimo cha kutofautiana, imekadiriwa kuwa sifuri, ama korelesheni, yaani uhusiano, kati ya mwanzo na mwendo imegonga 1 au -1, yaani umeomba data ikueleze vitu vingi kuliko inavyojua. Fungua VarCorr, amri inayoonyesha hizo variansi na korelesheni, uangalie ni wapi. Kama ni korelesheni ya vizimba, andika mistari miwili ya wima badala ya mmoja, (wiki || kizimba), unaiondoa korelesheni na kubakiza mengine, hiyo inafanya kazi vizuri kama wiki ni namba. Kama mwendo wa vizimba wenyewe ni sifuri, uondoe, useme wazi kwenye memwari kwamba umeuondoa na sababu. Lakini kizimba chenyewe mimi sikiondoi hata variansi yake ikiwa ndogo kabisa, juu chakula kiligawiwa kwa vizimba, huo ni ukweli wa jaribio na hakuna ujumbe wa kompyuta unaoweza kuubadilisha. Wenzangu wengine hawakubaliani na mimi hapo, wanasema sifuri ni sifuri. Ninawaelewa, ila mtu akinipa vizimba 4 kwa kila chakula, sifuri hiyo naiona ni ya uchache wa vizimba, siamini kwamba vizimba vinafanana kweli.

Ujumbe mwingine ni ule wa kutofikia mwisho, modeli inazunguka haitulii. Mara mingi inatosha kuweka wiki katikati, yaani kutoa wastani, ama kubadilisha njia ya kutafuta kwa kuweka bobyqa kwenye lmerControl. Ukiwa na mashaka, allFit inajaribu njia zote na unaangalia kama zinakubaliana. Zikikubaliana kwenye namba unazozihitaji, endelea na kazi.

Habari ya waliokufa sasa. Simbilisi wanakufa, tena wanaibiwa, na mwingine mgeni anafika nyumbani anapikwa, mwanafunzi anafika Jumatatu na mizani yake anakuta kizimba kina watatu. Namna ya zamani ya kuchambua vipimo vya kurudia ilitaka kila mnyama awe na vipimo vyote, akikosa kimoja anatolewa mzima. Modeli mikste haiombi hivyo, inatumia kila kipimo kilichopo, na hii ni moja ya sababu watu waliifuata sana toka Nan Laird na James Ware walipoandika makala yao juu ya modeli hizi ndani ya Biometrics mwaka 1982. Kwa hiyo usifute wafu! Mnyama aliyeishi wiki 4 aliyekuwa anapungua gramu kila wiki yuko na habari muhimu kuhusu chakula chake, na zile wiki 4 zake ndizo zinaisaidia modeli kuelewa kwamba aliondoka akiwa anashuka. Ukimfuta, chakula kibaya kinabaki na wenye nguvu tu, na kitaonekana kizuri. Ila modeli ina mpaka wake, inafanya kazi kama sababu ya kukosekana inaonekana ndani ya vipimo ulivyonavyo. Mnyama aliyelegea Jumanne na kufa Jumatano, kati ya vipimo viwili, hakuna formula itakayomuona, kwa hiyo daftari iandike tarehe na sababu.

Na kuko kukosekana kwa namna ingine. Februari 2025, vita ilipoingia mjini Bukavu, hakuna aliyetoka kwenda kupima wanyama, na haikufaa kutoka. Daftari za wakati ule ziko na wiki tupu kwa vizimba vyote. Kwa modeli peke yake wiki iliyokosekana kwa wote haileti upendeleo, juu haikuchagua wadogo ama wakubwa. Lakini ninauliza tena: na majani nani alikata siku hizo? Kama wanyama walikula maganda ya nyumbani tu, mstari umevunjika hapo, na mistari miwili ya daftari inayosema hivyo inafaa kuliko paketi yoyote. Tuliweka alama ya kabla na baada ndani ya modeli, mwendo ukaruhusiwa kubadilika, na tukaeleza.

Grafu fanya mapema, kila mnyama mstari wake, kila kizimba kwenye kisanduku chake. Siku moja tulikuwa tunaangalia mabaki ya modeli, mstari mmoja unapanda haraka sana wiki tatu halafu unaanguka ghafla. Programu ilitaka tumuite mnyama wa ajabu, mwanafunzi alikuwa tayari kumtoa. Tukafungua daftari: jike, na pembeni kwa kalamu ya bluu imeandikwa "amezaa 3". Alikuja na mimba tayari toka sokoni, simbilisi anabeba mimba siku karibu 68, na hakuna aliyemuangalia. Toka hapo wanafunzi wangu wanatumia madume peke yao, au majike waliokaa mbali na madume muda wa kutosha kabla ya kuanza. Na wanapima asubuhi saa ileile kabla ya kulisha, juu tumbo lililojaa majani linaweza kuficha ukuaji wa siku nzima, wanamuweka kwenye ndoo ndogo juu ya mizani, wanangoja namba itulie, wanasoma tena.

Grafu hizohizo zitaonyesha mambo mawili mengine. Ukuaji unapinda, mwanzo haraka na mwisho pole, basi unaongeza wiki ya mraba. Na uzito unatawanyika zaidi wanyama wakikua. Hapo lme4 inakwama kidogo, haina namna ya moja kwa moja ya kusema mabaki yanapanuka ama kwamba wiki jirani zinafanana zaidi ya wiki za mbali. Rudi kwenye nlme, weka varPower kwa kutawanyika na corAR1 kwa ujirani wa wiki. Sipendi kuvirundika vyote kwa mara moja na mwendo nasibu juu vinagombania habari ileile, ninaongeza kimoja, naangalia mabaki, naendelea.

Kuhusu p: mwanafunzi anapofungua summary ya lmer anakuta t bila p, anafikiri ameinstola vibaya. Ni makusudi. Douglas Bates, mwenye lme4, alieleza mwaka 2006 kwamba kwa modeli hizi hajui namna ya haki ya kuhesabu digrii za uhuru, yaani ushahidi unaojitegemea ni kiasi gani, kwa ujumla, basi hakuweka. Direkteri wa memwari atataka p, kwa hiyo pakia paketi ya lmerTest juu yake, itakadiria digrii hizo kwa njia ya Satterthwaite, ama Kenward-Roger ambayo ninaipendelea vizimba vikiwa vichache. Halafu angalia digrii zenyewe kabla ya p. Na vizimba 12 na vyakula 3, unategemea ziwe karibu 9 kwa kulinganisha vyakula. Ukiona 400, modeli yako haijui habari ya vizimba. Hicho kipimo kimoja kimeshaokoa memwari nyingi kabla ya defansi. Na ukilinganisha modeli mbili zinazotofautiana kwenye athari za kudumu, zifitishe kwa REML = FALSE, juu REML, njia ya kukadiria ambayo lmer inatumia yenyewe, haifai kwa ulinganisho huo, kisha ya mwisho irudishe kwa REML.

Kuna mama mfugaji mmoja wa Kabare ambaye alitupatia wanyama, aliponiuliza swali lake halikuhusu p hata kidogo. "Docta, mimi niambie tu, madume hawa, yupi nimubakize kwa mbegu?" Ni swali ambalo modeli hizi zilizaliwa nalo: Charles Henderson wa Cornell alizitengeneza akitafuta namna ya kuchagua ng'ombe wa maziwa na madume yao. Ukiomba ranef, R inakupa kila mnyama yuko juu ama chini kiasi gani ya wenzake, chakula na kizimba vikiwa vimeshatolewa, na aliyepimwa mara chache anavutwa karibu na wastani juu hatumjui vizuri bado. Dume mmoja alikuwa wa kwanza kwa uzito wa mizani, lakini alitoka kizimba ambamo wote walinenepa. Kwenye ranef alishuka, akapandishwa mwingine mwembamba kidogo kutoka kizimba cha mlangoni. Nilimueleza mama kwamba hiyo haituambii yote, juu hatukuandika wazazi wao, na ndugu wa mzao mmoja wanafanana pia. Akasema mzao anajua yeye, akaanza kunitajia nani ni mtoto wa nani, tukaongeza safu ya mzao ndani ya faili, na modeli tukaifitisha upya.